Saratani ya Ngozi: Tazama Nyayo, Usidharau Kovu

Ukiniuliza nianzie wapi kutafuta saratani ya ngozi kwa mtu mweusi, nitakuomba uvue viatu na soksi. Sianzi na uso, wala mabega, wala mahali pengine panapopigwa na jua la saa 7 mchana. Natazama unyayo, kisigino, katikati ya vidole, halafu kucha, ukucha mmoja baada ya mwingine. Melanoma, saratani ya ngozi inayosifika kwa kusambaa upesi na kuua, ikimpata mtu mweusi mara nyingi huota huko: kwenye nyayo, viganjani na chini ya kucha, ngozi ambayo haijui jua.

Jambo hilo halimo kwenye mabango mengi ya afya. Mabango yanasema: paka losheni, kaa kivulini, chunguza madoa ya mgongoni. Ushauri huo ulitungwa kwa ajili ya watu weupe wa Ulaya na Australia, na kwao ni wa kweli kabisa. Australia, yenye watu wengi wa asili ya Ulaya wanaoishi chini ya jua kali, ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa saratani ya ngozi. Lakini ushauri huo ukiletwa Tanga au Kisumu kama ulivyo, unawapotosha watu wa aina mbili kwa mpigo. Mtu mweusi anaambiwa aogope jua, anajitazama, anaona jua halijamfanya kitu, anaamua kwamba ugonjwa huu haumhusu. Mtu mwenye ualbino naye anaambiwa apake losheni kwa sauti ileile inayotangaza mafuta ya urembo, wakati kwake yeye kupaka au kutopaka kunaweza kuamua kama atawaona wajukuu wake.

Nitawazungumzia wote wawili, lakini kila mmoja kwa zamu yake, maana saratani inawajia kwa njia tofauti.

Kinachotenganisha njia hizo ni melanini, rangi inayotengenezwa na seli maalumu zilizo kwenye sehemu ya chini ya tabaka la juu la ngozi. Seli hizo huwagawia majirani zao punje za melanini, na kila seli inayopokea huzipanga juu ya kiini chake, upande wa jua, kama mwamvuli. Ndani ya kiini ndimo ilimo DNA, yaani maelekezo ya jinsi seli inavyopaswa kuishi, kugawanyika na kufa. Mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa za losheni, ikipenya hadi hapo huharibu maelekezo hayo. Seli hurekebisha makosa mengi ya namna hiyo kila siku. Yasiyorekebishwa hulimbikizana mwaka hadi mwaka, mpaka inatokea seli isiyojua tena kuacha kugawanyika. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba ngozi nyeusi huruhusu takriban asilimia 7 tu ya mionzi ya UVB, aina mojawapo ya UV, kufika tabaka la chini, na ngozi nyeupe asilimia 24 hivi. Kinga hiyo si ndogo, na ndiyo inayofanya saratani ya jua iwe adimu kwa watu weusi. Ila haiwezi kuzuia saratani ambayo chanzo chake si jua.

Wengi wanamjua mtu mmoja aliyekufa kwa melanoma ya aina hii bila kujua kwamba ndiyo iliyomuua. Mwanamuziki Bob Marley alikuwa na miaka 32 mwaka 1977 ilipogundulika chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alipenda kandanda kupita kiasi, na kidonda hicho kilidhaniwa ni cha kuumia uwanjani. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa, imani yake ya Kirasta ikiwa sababu mojawapo. Aliondolewa ukucha na nyama ya chini yake, akapandikizwa ngozi, akaendelea na maonyesho. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36, saratani imeshafika mapafuni na kwenye ubongo. Mpira haukumletea saratani. Kilichompata kinawapata wagonjwa wengi hadi leo: jeraha linabebeshwa lawama, na miezi inapita.

Kwenye unyayo melanoma huanza kama doa tambarare, jeusi au la kahawia iliyokolea, lisiloumiza wala kuwasha. Ligawe katikati kwa macho, uone kama nusu mbili zinafanana. Fuata mpaka wake, uone kama umenyooka au umechongokachongoka na kufifia upande mmoja. Angalia kama rangi ni moja, au kuna weusi hapa, kahawia pale na kijivu pembeni. Pima upana, ukizidi milimita 6, usilipuuze. Lakini kama ningeruhusiwa kukuachia swali moja tu, ningekuachia hili: linabadilika? Watu weusi wengi wana madoa ya kahawia nyayoni yasiyo na madhara yoyote. Doa lililokaa kimya miaka 20 halinitishi. Doa ambalo mtu mzima wa miaka 50 hakuwa nalo mwaka jana, na sasa analo, linanitisha hata likiwa dogo.

Likiachwa huinuka, hupasuka, hutoa damu au majimaji. Hapo ndipo linapopewa majina mengine: sugu, chunjua, fangasi, mwiba uliobaki ndani. Mwenye kisukari ndiye mwenye hatari kubwa ya kupotezwa njia, kwa sababu kila mtu, na daktari pia, anatarajia awe na kidonda mguuni, basi anasafishwa na kufungwa bandeji miezi na miezi bila mtu kujiuliza swali lingine. Tena zipo melanoma zisizo na weusi wowote, zenye rangi ya nyama mbichi. Kwa hiyo kidonda chochote cha unyayo kisichoonyesha dalili ya kupona kwa wiki 4 hadi 6 za matibabu yanayofaa, hata kama sababu yake inajulikana, kinastahili kukatwa kinyama kikapimwe.

Kuhusu kucha, tahadhari isigeuke hofu. Ni kawaida kabisa kwa watu weusi, hasa umri unapokwenda, kuwa na mistari ya kahawia inayofuata urefu wa ukucha, kwenye kucha kadhaa kwa pamoja. Mstari wa kutiliwa shaka ni ule ulio peke yake, kwenye ukucha mmoja, mara nyingi wa kidole gumba cha mkono au cha mguu, wenye upana wa zaidi ya milimita 3 na unaozidi kupanuka kwenye shina. Mbaya zaidi ni ule ambao weusi wake umevuka ukucha ukaingia kwenye ngozi inayouzunguka. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson aliieleza ishara hiyo katika karne ya 19 na bado tunaitegemea. Damu iliyovia baada ya kujikwaa nayo huwa nyeusi, lakini husogea kuelekea nchani kadiri ukucha unavyokua. Piga picha kwa simu leo, piga nyingine baada ya miezi miwili, uzilinganishe. Ukucha wa mguu hukua polepole, milimita moja na nusu hivi kwa mwezi. Kama weusi umeganda palepale kwenye shina, au umepanuka, nenda hospitali na picha zako.

Kwa akina mama na mabinti wa pwani nina ombi. Hina na piko hufunika nyayo, viganja na kucha, mahali hasa panapotakiwa kutazamwa, na rangi ya kucha hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kupakwa kwa ajili ya harusi au Sikukuu, jitazame, au mwombe anayekupaka atazame. Yeye, pamoja na wale vijana wanaopita mitaani na mabeseni wakisafisha kucha, huona nyayo nyingi kwa wiki kuliko daktari wa ngozi. Ningekuwa na uwezo, hao ndio ningewafundisha kwanza.

Losheni haizuii saratani ya unyayo, wala sijui chakula au dawa ya kuizuia. Kuna kuiwahi tu. Ikiondolewa ingali nyembamba, yaani haijapita milimita moja kwenda chini, wagonjwa walio wengi hupona kabisa. Ikishaingia kwenye tezi, ukagusa mitoki kinenani, matibabu yanakuwa magumu, ghali, na mara nyingi hayapo karibu. Basi mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga, kaa mahali penye mwanga, geuza nyayo, tumia kioo, au mwambie mwenzio akutazame. Wazee wetu wenye macho hafifu na wasioweza kuinama watazamwe na watoto wao au wajukuu.

Njia nyingine ambayo saratani humpata mtu mweusi ni kovu. Watoto wetu huungua uji, chai, maji ya kuoga, jiko la mkaa, kibatari. Ngozi iliyoungua kwa kina isipopandikizwa hupona kwa kovu jembamba lililovutana, hasa kwenye goti, kiwiko au kisigino, na kila kiungo kinapokunjwa kovu hupasuka. Hupona, hupasuka tena, miaka 20, miaka 30. Seli za mahali hapo zinalazimika kujigawa bila kupumzika ili kuziba pengo lisilozibika, na katika kazi hiyo isiyokwisha saratani hupata mwanya. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vinavyoota kwenye makovu mwaka 1828, na jina lake ndilo vinaloitwa hadi leo. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 taarifa za wagonjwa wao 56 wa saratani hii. Walio wengi mno walikuwa na kovu la moto.

Kinachosemwa juu ya kovu kinahusu pia donda ndugu la mguu lililokaa miaka, tundu la usaha linalotoka kwenye mfupa ulioambukizwa, na vidonda vya nyayo vya watu waliougua ukoma. Mwenye kidonda cha miaka mingi anakijua kuliko mtu mwingine yeyote. Anajua harufu yake, anajua kinavyovuja. Siku anaposema kimebadilika, aaminiwe. Kingo zinainuka na kuwa ngumu. Nyama inaota juu ya usawa wa ngozi na kutoa damu ikiguswa kidogo tu. Harufu inazidi, au yanakuja maumivu ambayo hayakuwepo. Hapo dozi nyingine ya antibayotiki haisaidii kitu. Kinyama kichukuliwe kwenye ukingo, tena sehemu zaidi ya moja, kwa kuwa katikati mara nyingi pana nyama iliyokufa isiyoonyesha chochote.

Na saratani hii, tofauti na ya unyayo, inazuilika. Inazuiliwa siku ileile mtoto anapoungua: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila yai, bila unga wa ngano wala mafuta, kisha hospitali. Inazuiliwa tena wiki chache baadaye, pale kidonda kikubwa kilicho juu ya kiungo kinapopandikizwa ngozi badala ya kuachwa kijipe kovu. Wazazi wengi hukataa upandikizaji kwa kuona mtoto ataongezewa jeraha jingine pajani. Nawaelewa, lakini jeraha la paja hupona kwa wiki mbili au tatu, na goti lililokunjana litamsumbua mtoto huyo maisha yake yote.

Sarkoma ya Kaposi nitaigusa kwa kifupi, kwa sababu huonekana kwenye ngozi ingawa huanzia kwenye seli zinazotanda ndani ya mishipa. Inasababishwa na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1994, na hushamiri pale kinga ya mwili inaposhuka, hasa kwa VVU. Ni mabaka au vinundu vya zambarau au vyeusi, visivyouma, miguuni, usoni, au kwenye paa la kinywa; mguu unaweza kuvimba na kuwa mgumu. Anayeona alama hizo apime VVU bila kuchelewa. Kwa wagonjwa wengi wenye VVU, ARV peke yake huanza kuirudisha nyuma.

Halafu kuna mkorogo. Krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali huzuia ngozi kutengeneza melanini na kuifanya nyembamba, yaani mtu anauvunja mwenyewe ule mwamvuli niliousema huku akiendelea kutembea juani. Madaktari wa Dakar, Senegal, wameripoti saratani za ngozi, hasa shingoni, kwa wanawake waliojichubua kwa miaka mingi. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku krimu nyingi za namna hii, na bado zinauzwa sokoni mchana kweupe. Anayezitumia na kuona kidonda au kigaga kisichopona shingoni au usoni, aje bila aibu na aseme kweli alichokuwa akipaka.

Sasa nije kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao ndio hasa wanaobeba mzigo wa ugonjwa huu katika Afrika Mashariki. Kwa Tanzania, makadirio yanayotumika sana ni mtu 1 katika kila 1,400, kiwango kikubwa kuliko karibu kote duniani. Mtoto huzaliwa hivyo anaporithi jeni lenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, nao wenyewe mara nyingi wakiwa weusi kama sisi. Hakuna wa kulaumiwa, mama akiwa wa kwanza kutolaumiwa. Anachokosa mtoto ni melanini ya kutosha, na jua la ikweta linamkuta bila kinga tangu siku ya kwanza anapobebwa mgongoni kwenda kliniki.

Uko uzushi wa zamani kwamba watu hawa hawafi, bali hupotea. Uliwasaidia watu kutouliza kwa nini ilikuwa vigumu kumwona mzee mwenye ualbino kijijini. Walikuwa wakifa, na walikufa vijana, ndani ya nyumba, na vidonda vya uso vilivyokuwa vimefunikwa kwa kitambaa. Dunia ilisikia habari zao kwa sababu ya mauaji ya kishirikina, na ilikuwa haki isikie. Lakini waliouawa na jua ni wengi zaidi, na vifo vyao havikuandikwa gazetini.

Madaktari wetu hawakukaa kimya. Mwaka 1985 Dk. Luande na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu 350 wenye ualbino waliowafuatilia Dar es Salaam, wakaonyesha jinsi madhara ya jua yanavyoanza utotoni na kugeuka saratani katika umri ambao mtu anapaswa kuwa anajenga nyumba na kulea. Mwaka 2012 Bugando ilieleza wagonjwa 64 wenye ualbino na saratani ya ngozi. Nusu yao hawakuwa wamevuka miaka 30 au hapo karibu. Robo tatu walikuwa na saratani ya seli za juu za ngozi, ile inayokula nyama ya mahali ilipo kisha kuhamia kwenye tezi. Wengi iliwashika kichwani na shingoni. Na nusu yao walikuwa wameishi na uvimbe huo miezi 24 au zaidi kabla ya kufika. Sababu kubwa ya kuchelewa ilikuwa fedha. Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi na kila mara kinachoniumiza ni hiyo miezi 24. Saratani hii kwa kawaida haina mbio. Inatoa muda wa kutosha wa kuiwahi, tena ikiwa mahali ambapo kila mpita njia anaiona.

Mwanzo wake hupatikana kwa kidole kuliko kwa jicho. Pitisha kidole taratibu kwenye paji la uso, pua, juu ya masikio, kisogo, mdomo wa chini, mgongo wa kiganja na mikono. Mahali penye mkwaruzo, pakavu, penye magamba yanayorudi kila yakibanduka, pana dalili ya awali. Bado si saratani. Katika hatua hii mtaalamu wa ngozi hupagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, kwa dakika chache, bila kulazwa, na pengi hupona. Kinachofuata ni kigaga kinene, wakati mwingine kimechongoka kama pembe, au kidonda kinachotoka damu na kukauka na kutoka damu tena. Hicho kikizidi wiki 4 kisisubiri. Melanoma pia yaweza kumpata mwenye ualbino, na kwake huenda isiwe nyeusi kabisa, hivyo kinundu chochote chekundu kinachokua kitazamwe.

Katika kinga, nguo ndiyo ya kwanza, losheni inafuata. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu za kipesa. Uso, masikio na shingo vya mtu mzima vinahitaji losheni ya kijiko kimoja cha chai au zaidi, yaani mililita 5, na inapaswa kurudiwa kila baada ya saa 2 mtu akiwa nje. Ukipaka mara tatu kwa siku, chupa ya mililita 100 haimalizi wiki. Mwili mzima unahitaji mililita 30 kwa mara moja. Nani ana uwezo huo? Ndipo familia inapoanza kupaka kidogokidogo, chupa ikae mwezi mzima, na kinga iliyoandikwa kwenye chupa haipatikani tena. SPF 30 ikipakwa ya kutosha huzuia asilimia 97 hivi ya mionzi ya UVB, na SPF 50 asilimia 98. Pengo hilo ni dogo kuliko pengo kati ya kupaka vya kutosha na kupaka haba. Mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kitambaa kilichofumwa kwa kubana hupunguza eneo la kupaka, tena havihitaji kurudiwa kila baada ya saa 2. Inua nguo juu ya taa: mwanga ukipenya, na jua linapenya. Kanzu na baibui la kitambaa kizito ni kinga nzuri kweli. Kanga moja nyepesi iliyochakaa haitoshi.

Kofia iwe na ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka pande zote. Kapelo, ambayo vijana wanaipenda, huacha wazi masikio na kisogo, na masikio ni miongoni mwa mahali ambapo nimezoea kuona saratani hizi. Mdomo wa chini nao upakwe losheni au mafuta ya midomo yenye kinga ya jua. Saa za kukwepa ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Asiye na saa atazame kivuli chake, kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua ni kali. Mawingu mepesi huruhusu hadi asilimia 80 ya mionzi kupita. Baridi ya Iringa, Njombe au Limuru isimdanganye mtu, kwa maana kila unapopanda mita 1,000 mionzi huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kwenye basi, kioo cha dirisha huzuia UVB lakini huruhusu sehemu kubwa ya UVA, aina nyingine ya UV, basi achague upande wa kivuli.

Shule ndizo zinazonikatisha tamaa. Mtoto mwenye ualbino anavaa kaptula na shati la mikono mifupi kwa sababu ndiyo sare, anavuliwa kofia mstarini kwa sababu ni nidhamu, anasimama paredi saa nzima, kisha anatumwa kuchota maji au kulima bustani ya shule. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bajeti ili libadilike. Mwalimu mkuu anaweza kuamua leo. Sare iwe ya mikono mirefu na suruali, kofia ivaliwe hata bendera inapopandishwa, na kazi za nje zigeuzwe kuwa za ndani. Kwa kuwa macho yake pia ni hafifu, akae dawati la mbele, mbali na dirisha lenye jua.

Losheni yenyewe tumeweza kuitengeneza hapa nyumbani. Katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa Kilisun, iliyoanzishwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto kwa ajili ya watu wenye ualbino na hali ya hewa yao, ikigawiwa bure kwenye kliniki za mikoani pamoja na uchunguzi wa ngozi. Kenya imekuwa ikiwapatia losheni bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza losheni ya kujikinga na jua kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Uamuzi huo ulichelewa sana, lakini una nguvu: kilichomo kwenye orodha ya dawa muhimu kinaweza kudaiwa kwenye bohari ya dawa, kwenye bajeti ya halmashauri na kwenye kitita cha bima. Chama cha watu wenye ualbino katika wilaya yako kinaweza kuanzia hapo kinapokutana na mganga mkuu.

Ikiwa umesoma hadi hapa na kuna doa, kovu au kigaga unachokifikiria, nenda kituo cha afya na useme wazi: nina wasiwasi wa saratani, naomba kinyama kipimwe. Usikubali doa lichomwe kwa tindikali ya betri, lifungwe uzi, au likatwe na mganga wa kienyeji. Hata hospitalini, kilichokatwa kisitupwe. Kila kinyama kinachoondolewa mwilini kwa shaka hii kiende maabara ya patholojia, kwa sababu bila jibu la maabara hakuna anayejua kama kimeisha au kimebaki. Upasuaji peke yake hutosha kwa saratani nyingi za ngozi zilizowahiwa. Zilizochelewa huhitaji mionzi ya tiba, kwa mfano katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando. Aliyewahi kuondolewa moja anaweza kupata nyingine, hivyo arudi kutazamwa kila baada ya miezi 3 kwa miaka miwili ya mwanzo, na baada ya hapo kama daktari atakavyompangia. Majibu ya patholojia huweza kuchukua wiki kadhaa na hupotea njiani mara nyingi kuliko inavyostahili. Kabla ya kuondoka, uliza yatatoka tarehe gani, andika namba ya sampuli yako, acha namba mbili za simu, na tarehe hiyo ikipita bila kupigiwa, rudi mwenyewe ukayadai.